Upasuaji wa kutenga nusu ya ubongo kwa mtoto mwenye kifafa: ulitoka wapi, na kwa nini uliwahi kuachwa?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kike ana miaka 5. Alipokuwa na mwaka na miezi kadhaa alishikwa na homa kali, akapata degedege la upande wa kulia lililodumu kwa saa nyingi. Homa ilipona, lakini mkono na mguu wa kulia vikabaki dhaifu, na haukupita muda mrefu kifafa kikaanza. Sasa anatumia dawa tatu na bado anaanguka kila siku. Alipigwa kipimo cha MRI, tukaambiwa upande wa kushoto wa ubongo umesinyaa, na kwamba India wanaweza kumfanyia upasuaji wa kuutenga upande huo. Shemeji yangu, muuguzi mstaafu, anapinga kabisa. Anasema alisoma zamani kwamba upasuaji huo ulisimamishwa kwa sababu watoto walikuwa wanakufa miaka mingi baadaye. Je, ni kweli? Ulianzaje, na umefikaje hapa ulipo? – Mama Nasra, Tanga

Jibu: Marahaba, Mama Nasra, na pole sana kwa kuuguza.

Shemeji yako hajakosea, ila habari aliyonayo imeishia katikati. Upasuaji huo haukupigwa marufuku na sheria yoyote. Madaktari wenyewe waliuogopa, wengi wakauacha, na walikuwa na sababu nzito. Lakini ule ulioachwa ni upasuaji wa miaka ya 1950 na 1960. Huu mlioelezwa ninyi ulibuniwa upya, na vifo anavyovitaja ndivyo vilivyosababisha ubuniwe upya. Nitakueleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ukiijua historia hii utajua pia cha kuwauliza madaktari kabla ya kuweka sahihi.

Wengine huianza hadithi hii na mafuvu ya kale yaliyotobolewa matundu. Mimi siyahesabu, maana hakuna awezaye kusema kwa hakika waliotoboa walikuwa wanatibu nini. Upasuaji wa kifafa tunaoutambua leo ulianza karne ya 19, pale madaktari walipogundua kwamba kifafa kinaweza kuwa na mahali kinapoanzia. John Hughlings Jackson wa London alikuwa akitazama tu: mtetemeko umeanzia dole gumba, ukapanda mkono, ukafika usoni. Akasema kuna sehemu ya ubongo, upande wa pili, inayowashwa kwa mpangilio huohuo. Hakukuwa na eksirei wakati ule, sembuse MRI. Mwaka 1879, huko Glasgow, William Macewen alimpasua msichana wa miaka 14 kwa kufuata dalili za namna hiyo, akakuta uvimbe na kuutoa. Tarehe 25 Mei 1886, Victor Horsley alimpasua London kijana wa miaka 22 aliyegongwa na gari la farasi utotoni, akaondoa kovu lililokuwa kwenye ubongo wake. Jackson mwenyewe alikuwepo chumbani.

Zingatia kwamba kijana yule aliumia akiwa mtoto na akapasuliwa akiwa mtu mzima. Mtindo huo uliendelea kwa karibu miaka mia: ugonjwa wa utotoni, tiba ya ukubwani. Nitaurudia baadaye, kwa sababu unakuhusu moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye nusu ya ubongo. Wa kwanza kuondoa upande mzima alikuwa Walter Dandy wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliyetangaza kazi yake mwaka 1928. Yeye hakuwa anatibu kifafa, alikuwa anapigana na saratani ya ubongo. Saratani ilimshinda, ila ikaonekana jambo ambalo wengi hawakulitegemea: mtu anaweza kubaki na nusu ya ubongo na akaishi, akazungumza, akamtambua mkewe. Mwaka 1938 Kenneth McKenzie wa Toronto akautumia upasuaji huo kwa mgonjwa mwenye kifafa aliyekuwa amepooza upande mmoja tangu utotoni.

Aliyeufanya uwe tiba ya watoto ni daktari wa bara letu hili, R. A. Krynauw wa Johannesburg. Mwaka 1950 alichapisha taarifa ya wagonjwa 12, watoto na vijana, ambao ukiwaona utadhani anamwandika Nasra: upande mmoja wa mwili umepooza tangu utotoni, upande wa pili wa ubongo umesinyaa na kujaa makovu, wengi wana kifafa kisichosikia dawa, wengine wana hasira zisizozuilika. Hoja yake ilikuwa rahisi. Upande ule wa ubongo haufanyi kazi yoyote ya maana, na kibaya zaidi unauchafua upande wa pili ulio salama kwa umeme mbovu usiku na mchana. Basi na uondolewe. Akauondoa wote. Matokeo yaliwashangaza hata waliokuwa na mashaka: karibu wote waliokuwa na kifafa, kifafa chao kilikoma, wakatulia, na wakatembea kama walivyokuwa wakitembea kabla. Habari ikaenea Uingereza, Ufaransa na Marekani, na kwa miaka kama kumi na tano mamia ya watoto wakapasuliwa hivyo.

Kisha wakaanza kurudi. Hapa ndipo alipoishia shemeji yako. Mtoto aliyepona kabisa, aliyeingia shule, anaanza kuumwa kichwa, anapoteza akili kidogo kidogo, anatapika, anapata homa zisizo na sababu, na hatimaye anafariki. Wengine walifikwa na hayo miaka minne baada ya upasuaji, wengine zaidi ya kumi. Walipochunguza maiti walikuta lile pango lililobaki baada ya nusu ya ubongo kuondolewa limefunikwa utando mwembamba wenye mishipa dhaifu ya damu. Kila kichwa kinapotikiswa, kila mtoto anapoanguka, damu kidogo inavuja. Madini ya chuma yaliyomo kwenye damu hiyo yanaganda juu ya ubongo uliobaki, yanaziba njia za maji ya ubongo, maji yanajaa, ubongo unabanwa. Mwaka 1966 Oppenheimer na Griffith wa Uingereza walilieleza tatizo hilo kwa ushahidi usioacha shaka. Hesabu zilizotolewa zilifika hadi theluthi ya waliopasuliwa. Hadi mwisho wa muongo ule ilikuwa vigumu kumpata daktari aliye tayari kuufanya upasuaji huo.

Kwa maoni yangu, sehemu ya historia hii inayostahili sifa kuliko zote si ushujaa wa waliokata. Ni kazi ya wale walioendelea kuwaita wagonjwa wao kliniki miaka kumi baada ya kuwaruhusu nyumbani. Bila wao, tiba ile ingeendelea kusifiwa kwa matokeo ya mwaka wa kwanza.

Theodore Rasmussen wa taasisi ya ubongo ya Montreal ndiye aliyeuona mlango. Katika mafaili ya hospitali yake aligundua kwamba watoto walioachiwa kipande cha ubongo mbele au nyuma hawakupata lile tatizo la damu, ila kifafa chao kilirudi mara nyingi zaidi. Akajiuliza: kama kipande kile kikibaki mahali pake lakini mawasiliano yake na ubongo mwingine yakakatwa? Kuanzia 1974 akaanza kufanya hivyo: anatoa sehemu ya katikati na ile ya panja, anaziacha sehemu za mbele na nyuma na mishipa yake ya damu, lakini anakata nyuzi zote zinazozipeleka taarifa kwingine. Sehemu hizo zinabaki kama nyumba iliyokatwa umeme lakini bomba bado linatoa maji: damu inapita, ubongo unaishi, lakini shoti yoyote inayotokea humo haitoki nje. Na kwa kuwa fuvu halibaki na pango kubwa, ile hatari ya damu kuvuja ikapungua sana.

Baada ya hapo kila aliyefuata alijitahidi kutoa kidogo zaidi na kukata kwa njia fupi zaidi. Olivier Delalande wa Paris alieleza mwaka 1992 njia ya kupitia juu ya kichwa. Jean-Guy Villemure, aliyefanya kazi Montreal kisha Lausanne, alieleza mwaka 1995 njia ya kupitia pembeni. Leo, katika vituo vingi, mtoto "anayetengwa" nusu ya ubongo hutolewa kipande kidogo tu, na picha yake ya MRI baadaye inaonyesha ubongo ambao sehemu kubwa bado ipo. Ndiyo maana mliambiwa kutenga na si kuondoa. Johns Hopkins walichukua njia yao wenyewe: daktari wa kifafa cha watoto John Freeman na mpasuaji Ben Carson, kuanzia 1985, waliurudisha upasuaji wa kuondoa upande mzima, sasa wakiwa na vipimo vya CT vya kuwafuatilia watoto na uangalizi bora wa wagonjwa mahututi. Magazeti yalimpenda sana Carson, na umaarufu huo uliwasaidia wazazi wengi kusikia kwamba tiba ipo. Lakini ukiniuliza nani aliyeiokoa tiba hii, nitakutajia Rasmussen na mafaili yake.

Huenda unajiuliza kuhusu lugha. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaobeba lugha kwa watu wengi, na huo ndio ulioharibika kwa Nasra. Je, akitengwa upande huo atakuwa bubu? Hofu hii iliwasumbua madaktari kuliko nyingine yoyote. Wilder Penfield, aliyeifungua taasisi ile ya Montreal mwaka 1934, aliwapasua wagonjwa wakiwa macho, kwa ganzi ya ngozi tu, akigusa ubongo kwa umeme hafifu na kusikiliza ni wapi maneno yanakwama. Mtoto mdogo huwezi kumfanyia hivyo. Mwaka 1949 Juhn Wada wa Japani alibuni njia ya kuulaza upande mmoja wa ubongo kwa dakika chache kwa dawa inayoingizwa kwenye mshipa wa shingo, ili uonekane upande upi unazungumza. Kutokana na kazi hizo na za wengine ilibainika kwamba upande wa kushoto ukiharibika mapema sana, lugha mara nyingi huhamia kulia. Nasra aliumia akiwa bado hajaanza kusema vizuri. Ikiwa leo anazungumza, kwa kiasi chochote kile, inawezekana sana anazungumza kwa upande wa kulia, ule mzima. Siku hizi jambo hili linaweza kuchunguzwa kwa MRI maalumu bila kumchoma mtoto mshipani. Waulize kama wamelipima au wanalikisia.

Kuhama huko kwa kazi za ubongo ndiko kulikobadilisha ule mtindo wa kusubiri ukubwani. Murray Falconer wa London, aliyekuwa bingwa wa kupasua sehemu ya panja, alikuwa akiwaona watu wazima ambao kifafa chao kilianza utotoni, na kovu alilolitoa lilikuwa humo miaka yote. Wamepona kifafa, lakini hawana kazi, hawana elimu, hawajaoa. Akaanza kuhimiza watoto wapasuliwe wakiwa bado watoto. Mwaka 1971 yeye na wenzake walieleza pia kasoro ndogo za ubongo ambazo mtoto huzaliwa nazo, na ambazo sasa tunajua ni sababu kubwa ya kupasua watoto. Mwaka 1990 Harry Chugani na wenzake wa Los Angeles wakaonyesha kwamba hata watoto wachanga wenye mishtuko ya kujikunja inayoharibu akili wanaweza kupasuliwa, kama kipimo kinaonyesha mahali panapowasha moto.

Nisikufiche kwamba historia hii ina majeraha mengine mbali na yale ya damu. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, mpasuaji William Scoville alimtoa kijana wa miaka 27, Henry Molaison, sehemu za ndani za panja za pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Akikusalimia, ukatoka, ukarudi, wewe ni mgeni. Ndipo wapasuaji wakajifunza kutopasua pande zote mbili, na kumpima mgonjwa kumbukumbu kabla ya kisu. Wewe upande wa pili wa ubongo wa Nasra ndio mtaji wako wote, hivyo hakikisha umechunguzwa vizuri. Kama kifafa kinaanzia pande zote mbili, matumaini hupungua sana.

Kuhusu dawa, utafiti wa Glasgow wa Kwan na Brodie, mwaka 2000, uliwafuatilia wagonjwa 525. Kati ya 470 ambao hawakuwahi kutumia dawa kabla, asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, 13 kwa ya pili, na waliobahatika kwa dawa ya tatu au mchanganyiko walikuwa asilimia 4 tu. Tangu mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa linahesabu kwamba dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo zikishindwa, kifafa hicho ni sugu na mtoto apelekwe kwa wapasuaji wamtazame. Kumtazama tu, si lazima kumpasua. Nasra yuko kwenye dawa ya tatu, kwa hiyo aliyekutuma huko hakuharakisha.

Na kwa kuwa mnaambiwa India, jueni kwamba moja ya majaribio bora kabisa ya upasuaji wa kifafa kwa watoto lilifanyika New Delhi, kwenye hospitali ya AIIMS, likachapishwa 2017. Watoto 116 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapasuliwe, wengine waendelee na dawa. Baada ya mwaka mmoja asilimia 77 ya waliopasuliwa walikuwa hawana kifafa, na kwa wale wa dawa ni asilimia 7. Lakini theluthi moja ya waliopasuliwa walipata madhara makubwa, mengi yakiwa yametarajiwa kabla, kama udhaifu wa upande mmoja. Zisomeni namba hizo mbili pamoja.

Gharama ya mwili kwa Nasra ni hii. Mkono wa kulia hautarudi kushika sindano wala kufunga vifungo, lakini kama vidole vyake tayari havijongei kimojakimoja, huko hana kikubwa cha kupoteza. Atapoteza uwezo wa kuona upande wa kulia kwa macho yote mawili, yaani kitu kikitokea kulia hatakiona mpaka ageuze kichwa. Huenda tayari haoni huko, pimeni. Mguu hulegea baada ya upasuaji kisha wengi husimama tena. Hospitali moja ya Cleveland ilipowatazama watoto wake miaka baadaye, mwaka 2013, ilikuta asilimia 83 wanatembea wenyewe na 70 wanazungumza vizuri, lakini wanaosoma vizuri ni 42 tu. Vifo sasa ni vichache, kwa kawaida asilimia 1 au 2 kwenye vituo vyenye uzoefu.

Sio kila mtoto anayeanguka hapa kwetu anafaa kwa tiba hii. Mahenge, ambako Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuna watoto wengi ambao kifafa chao huwainamisha vichwa tena na tena kama wanaosinzia, na wao kisu hakiwasaidii kwa sababu ugonjwa wao hauna upande. Watoto wengine hukatiwa zile nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo, upasuaji ambao taarifa yake ya kwanza ilichapishwa na Van Wagenen wa Rochester, Marekani, mwaka 1940. Huo hupunguza kuanguka ghafla, mara chache huponya. Upasuaji wa sehemu ya panja umeshafanyika karibu nasi: madaktari wa hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, Uganda, pamoja na wenzao wa nje, walichapisha matokeo yao mwaka 2009. Kwa kutenga nusu ya ubongo, hata hivyo, tafuteni kituo kinachoufanya mara kwa mara. Waulizeni wamewafanyia watoto wangapi kama Nasra, wangapi hawana kifafa baada ya miaka mitano, na kama wamemrekodi Nasra kwa video na kipimo cha umeme wa ubongo wakati anaanguka. Picha ya MRI peke yake haitoshi.

Dawa zisikatwe wala kupunguzwa mpaka wao waseme, hata kama kuna mtu wa kombe au mizizi anayewaambia vinginevyo. Baada ya upasuaji pia ataendelea nazo kwa muda.

Na mfuateni shemeji yako kwenye jambo moja. Maji kujaa kichwani bado hutokea hata kwa upasuaji wa sasa, kwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano, mara nyingi miezi ya mwanzo lakini wakati mwingine baada ya miaka. Hutibika kwa kuwekewa mpira wa kupitishia maji, ikigundulika mapema. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mjue ni hospitali gani hapa nchini yenye kipimo cha CT na daktari wa upasuaji wa ubongo mtakayemkimbilia, na nakala za picha za Nasra zikae kwenye faili lake nyumbani. Akianza kuumwa kichwa kila asubuhi, kutapika bila tumbo kuuma, kusinzia kupita kawaida, au kifafa kikirudi baada ya kutulia, msisubiri tarehe ya kliniki. Mtafaidika shemeji huyo akiwa ndiye msimamizi wa kuangalia dalili hizo, maana anazijua tayari.